Turubai la Kahawa

Ruanda, Mbozi
14 Oktoba

Kwako dada yangu Gwantwa,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Hujambo, na watoto hawajambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi huku ni wazima wa mwili, ila moyo wangu mzito. Nimeandika kwa sababu simu yako anapokea shemeji kwanza, na mwanaume akipata habari, kufika jioni Itumba nzima inayo. Halafu wanasema sisi ndio wambea! Barua hii atakupa Rozi mkononi.

Najua baba anajiandaa kuja Alhamisi kunirudisha nyumbani. Niliwaambia kwamba Abrahamu aliacha kahawa yetu inyeshewe kwenye vichanja huku yeye amekaa ndani. Ni kweli alikaa ndani. Sasa nikueleze na mengine.

Wiki ile tulikuwa hatusemeshani. Alisema mbele ya wageni kwamba ugali wangu una mabonge, nami nikamnyamazia. Unawajua wanaume wanavyonuna, dada. Mwanamke akinuna bado anapika, anafua, anageuza kahawa juani. Mwanaume akinuna anakuwa mgonjwa wa kuuguzwa. Huyu wangu alifikia kumwuliza mbwa kama leo kuna chakula, ili mimi nisikie. Nami nikamjibu mbwa.

Jumanne mchana wingu likatanda kutoka huko kwenu Ileje. Hapa kwetu kufunika kahawa hakuna mume wala mke, anayeliona wingu ndiye anayekimbia. Mimi nilikuwa barazani nachambua maharage. Abrahamu akatoka, akalitazama wingu, akanitazama, akaingia ndani. Akatoka tena, akazunguka jikoni, akarudi ndani, akakaa. Mvua ikashuka. Siku ya tatu kahawa ilikuwa na ukungu, na kwenye chama cha ushirika wakaikataa.

Wamama wa kanisani wakanipa pole, wakasema wanaume ndivyo walivyo. Mzee wa kanisa, Luka, naye akampa Abrahamu pole, akasema wanawake ndivyo walivyo. Nilimdharau sana mzee yule, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kusema hayohayo.

Dada, kinachonikosesha usingizi ni hiki. Abrahamu hakukaa tu. Alikuwa anatafuta turubai. Lilikuwa chini yangu, nimelikunja nikalikalia. Nilitaka afungue mdomo aniulize liko wapi, basi, neno moja tu! Hakuuliza, nami sikunyanyuka. Nilisikiliza mvua ikiipiga kahawa yetu, na ndani yangu nikafurahi kwamba nimemshinda.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga au atalia. Akanitazama kwa dharau, akasema pembe ya bluu ya turubai ilikuwa imechomoza chini ya kitenge changu na aliiona tangu mwanzo. Kule jikoni alizunguka makusudi. Alikuwa anangoja ninyanyuke mwenyewe.

Kwa hiyo mwambie baba asije. Nimewaaibisha, naomba mnisamehe. Na kama ameshakata shauri la kuja, basi atuchukue wote wawili akatulee upya.

Msalimie mama, umkande mguu kwa ajili yangu. Abrahamu anawasalimu, safari hii kaniambia mimi mwenyewe, siyo mbwa.

Ni mimi mdogo wako,
Tukuswiga