Ruzuku ya Marehemu Aliye Hai

4 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti vipi, bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi wazima, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Soma ukiwa umekaa.

Afisa kilimo alikuja kuandikisha wakulima wa ruzuku ya mbolea. Akauliza, "Mwenye shamba yuko wapi?" Nikiwa nimeinamia jembe nikamjibu, "Hayupo." Akavua kofia. "Pole sana, mama." Nikadhani ananihurumia kwa jua. Jana orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi: jina lako, na mbele yake, marehemu. Malipo yamezuiwa mpaka warithi wajulikane. Nimemwambia karani kwamba uko hai na unaandika barua ndefu kuliko za mahakama. Akasema, "Basi marehemu aje mwenyewe."

Mwisho ni tarehe ishirini na nane Februari. Udongo ule umechoka, kaka. Bila mbolea nitavuna mabua.

Dada yako

19 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti halijambo, kwa mtu aliyekufa. Nilisoma habari za msiba wangu miguu ikiwa kwenye beseni la maji moto, na maji yakapoa.

Niache hivyo hivyo. Jaza fomu ya warithi, uchukue mbolea yako. Kuja siwezi, unazijua karatasi zangu: nikitoka nchi hii sitaruhusiwa kurudi. Miaka thelathini na moja sijashika jembe pale. Hati baba aliiandika kwa jina langu kwa kuwa mimi ni wa kwanza na wa kiume, basi.

Kaka yako

2 Februari

Kaka,

Shikamoo, na afya siulizi maana nimekasirika. Nilianza kuijaza hiyo fomu. Nilipofika kwenye mstari unaouliza ulizikwa wapi, nikamrudishia karani kalamu yake. Sikuziki kwa mifuko minne ya mbolea.

Ninachotaka nakisema mara moja: nenda kwa mwanasheria, uandike kwamba uko hai na shamba ni langu mimi ninayelilima. Sikunyang'anyi. Nimechoka kuulizwa mwenye shamba huku udongo umejaa kwenye kucha zangu.

Dada yako

16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama ni ya hasira. Barua yako ilikaa mezani siku sita. Huku kila asubuhi, nikishuka kwenda kazini, na sasa nikishuka kununua mkate, nimekuwa nikijiambia: mimi ni mtu mwenye shamba. Kwa maneno hayo nimevumilia wenye nyumba saba. Kutia saini kulikuwa kukubali kwamba sitarudi kulima.

Leo nimetia. Mwanasheria aliuliza, "Unampa bure?" Nikamwambia, "Simpi. Naacha kumzuilia." Muhuri uko ukurasa wa pili.

Kaka yako

5 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole na hizo siku sita, sikuzijua.

Bahasha ilifika siku moja kabla ya mwisho. Karani alisoma, akageuza karatasi, akatafuta kosa, akalikosa. Malipo yameingia na mbolea iko ndani. Upande wa juu wote nimepanda mahindi.

Kipande cha chini, karibu na kijito, nimekilima na sijakipanda. Usiniambie si chako; hati uliyoituma nimeisoma, najua inavyosema. Sema tu nipande nini, na useme upesi, maana wingu limeshafunga.

Dada yako