Nilichosoma Katika Filamu ya Kijapani

Jumapili, 3 Machi 1957
Nimepiga pasi sare ya shule. Mkaa ulikuwa mbichi, kola imeingia moshi. Hesabu bado.
Alasiri tumekwenda sinema, onyesho la wanawake, mimi na Shangazi Zuwena. Filamu ya Kijapani, nyeusi na nyeupe. Maneno ya Kiingereza yanapita chini ya picha. Shangazi hajui Kiingereza, humsomea mimi kwa Kiswahili. Mstari mzima wa mabuibui huniinamia. "Sema kwa sauti, mwanangu, unatunyima!" Napenda sana. Ni kiburi, najua.
Kisa: mjane anaishi na mama mkwe. Mwalimu mmoja anampenda. Mwisho mjane yumo ndani ya treni, theluji nje, analia. Maneno yalisema: Nakuja kwako, Mwalimu, nisamehe kwa kuchelewa.
Mimi nikasema: "Anasema mwanamme yule muongo, anarudi kwa mkwe wake."
Wanawake wakapiga vigelegele. "Kamkomesha!" Shangazi alikuwa anaikazia macho treni ile.

Jumatatu, 4 Machi
Niandike kwa nini nilisema uongo. Shangazi naye ni mjane. Alihamia kwetu mwaka aliokufa mama, akanilea. Sasa Bwana Makame, muuza vitambaa wa Mkokotoni, amemposa. Anataka waoane kabla ya Ramadhani. Baba kasema mjane hujijibia mwenyewe. Jibu ni Alhamisi. Akikubali, atahama.
Nilitaka abaki. Hiyo tu.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu wa Kiingereza kasoma zoezi langu la tafsiri mbele ya darasa. Kasema sikuongeza wala sikupunguza. Wenzangu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 7 Machi
Kakataa.
Dada yake Bwana Makame alikuja, akala halua, akanywa kahawa, akaondoka na jibu. Shangazi kamwambia Baba, "Kaka, wanaume hawaaminiki. Hata wa Ujapani." Baba kacheka. Baadaye nilimsikia Shangazi anaosha vikombe huku anavuta kamasi.

Ijumaa, 8 Machi
Sikula. Shangazi anadhani nina homa. Kanichemshia mchaichai, kanifunika kanga yake. Nazidi kujichukia.
Baada ya sala nikamwambia yote, jikoni. Akaweka mwiko chini.
"Salma, nitazame. Yule mwanamke alisema anakwenda kwake?"
"Naam, Shangazi."
"Na mie mtu mzima nimekaa pale nnakuamini kuliko macho yangu."
Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 11 Machi
Hanisemeshi. Sahani yangu anaiweka, anaondoka. Stahili yangu.

Jumanne, 12 Machi
Shangazi kavaa buibui, kaniambia nimfuate. Tukaenda Mkunazini, kwa dada yake Bwana Makame. Mwanamke kuifuata mwenyewe posa aliyoikataa! Mtaa utasema mwaka mzima.
Nilimwamkia mwenye nyumba, akaitika. Shangazi akasema, "Mwambie ulivyosoma, na ilivyoandikwa." Nikamwambia.
Bibi yule akanikazia macho. "Kumbe ulikuwa wewe! Mie nilikaa nyuma yako kule sinema. Nimemlaani yule mwanamke mpaka mlangoni!"
Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Shangazi naye akacheka. Mimi hakunitazama.

Alhamisi, 14 Machi
Bwana Makame kamletea Baba salamu. Bado anamtaka. Nimefurahi. Kisha nimelia, na kulia kwenyewe kumenitia aibu.

Jumamosi, 23 Machi
Nikahi ilikuwa jana. Leo asubuhi wameondoka kwa gari la Mkokotoni. Nilimbebea kikapu mpaka kituoni. Akanibusu kipaji cha uso, akasema, "Skuli ikifungwa, njoo." Sijui kama kanisamehe. Lakini kasema njoo.
Nyumba kimya. Mchana nimepika wali mwenyewe, umekuwa kama uji. Baba kala wote.