Kimya cha Matongo

Dada Bhoke, shikamoo.

Natangaza rasmi, kwako na kwa ukoo mzima, kwamba mdogo wako nimekaa siku tatu bila kusema neno. Usicheke. Ulisema siwezi kunyamaza hata muda wa ugali kuiva.

Jumatatu shimo letu la dhahabu liliporomoka, na Mwita, rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja, akabaki chini. Huku machimboni, ikitokea hivyo, kijiji chote cha Matongo hunyamaza, ili mtu wa chini akigonga mwamba, wanaofukua wajue alipo. Karasha za kusaga mawe zilizimwa. Bodaboda walipita wakisukuma pikipiki. Mama ntilie alifunika jogoo wake kwa karai. Mimi nikaanza kueleza kosa ni la nani, mwenye shimo akaninong'oneza, "Wewe redio, zima. Mwenzako anatuita."

Nikalala kifudifudi, sikio kwenye udongo. Alikuwa anagonga kweli, tatu tatu. Katika kimya kile nikajijua, dada: maneno yangu mengi ni woga uliovaa shati safi. Nikaumeza, nikashika zamu yangu ya kusikiliza. Jana sikusikia kitu ila moyo wangu, nami sikuondoka, maana huenda alikuwa anapumzika tu.

Msalimie mama, ila hili umwambie akishakula. Watoto wapige kelele watakavyo, usiwakataze.

Leo asubuhi karasha zimewashwa, na kitanda cha Mwita bado kitupu.

Nduguyo, Marwa