Kitambaa cha Mama Mkwe wa Folake

Dada yangu Nunu,

Huku ughaibuni, Tyseley, tu wazima, baridi tele, nami nimezidi kunenepa. Cheka tu.

Bado nashona na Folake, yule Myoruba. Vitambaa vya sherehe vya kwao hufumwa vipande vyembamba, kisha vikaungwa. Yeye hufumua mishono ya vile vikuukuu akavigeuza magauni, kisitupwe hata kimoja.

Jumatatu moja mumewe aliingia kazini kwetu, akakuta kitambaa cha marehemu mama yake kimefumuliwa mezani.

"Umemkatakata mama yangu!"

"Sijakata, Baba Kemi. Nimefumua tu."

Akanyakua mkasi, akamchoma Folake begani mara mbili, kisha akakicharanga kitambaa chenyewe. Nikamwangusha, nikamkalia mgongoni.

"Shuka, mama, nakufa!"

"Kufa, mwanangu," nikamwambia. Sikushuka mpaka polisi walipofika.

Folake amerudi kazini, anashona kwa mkono mmoja. Mumewe ameachiwa akisubiri kesi, na jana alisimama ng'ambo ya barabara akitutazama. Mama usimwambie. Pasi tunaiacha na moto karibu na mlango mchana kutwa, hata pasipo na nguo ya kunyoosha.

Mdogo wako, mzito kuliko wote,
Asmahan