Aisii ya kinanda cha Mama Koku

Jumamosi, Nyakahanga

Na bado sijui kama nimefanya sawa.

Kinanda cha kwaya kilinyamaza baada ya aisii yake, ile chipu ya sauti, kuungua, na chipu hizo hazitengenezwi tena. Nimeulizia hadi Mwanza. Leo nikaenda Kimuli kwa Mama Koku. Marehemu mumewe aliacha kinanda cha aina ileile, kibovu siku nyingi. Mama alinipa kwanza kahawa ya kutafuna. Kwake hutaji shida kabla ya hiyo.

Nikakifungua. Kumbe ni fyuzi tu iliyokatika.

Ningeweza kunyamaza, nikachukua aisii na kuondoka. Nikashindwa.

"Mama, hiki ni kizima. Nikitoa aisii nitakuwa nimekiua."

Akatafuna kidogo. "Usikiwashe, mwanangu. Vidole vilivyokuwa vinakipiga havipo. Toa unachotaka."

Jioni nimeipachika kwenye kinanda cha kwaya, kikalia vizuri. Wenzangu walifurahi. Mimi namuwaza Mama Koku. Nilipokuwa napanda bodaboda alinifuata, akauliza kana kwamba si jambo kubwa, ibada yetu kesho inaanza saa ngapi.

Yeye anasali hukohuko Kimuli.