Kitanda cha Ghorofani

Amu, 12 Februari 1966

Mwanangu Umulkheir,

Assalaam alaykum. Nakujulia hali, wewe na masomo yako ya ualimu huko Mombasa. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, nalo huwa zima likitaka. Shangazi yako Ummu anakusalimu na anasema umezidi kutoandika.

Nina habari. Tangu nistaafu forodhani nilikuwa nakaa barazani nikitazama punda wanaopita, mpaka nikaanza kuwajua mmoja mmoja. Sasa sina nafasi hiyo. Bwana Fanuel, karani wa kutoka bara aliyehamia nyumba ya jirani, ni seremala wa kujifurahisha, nami amenitia ugonjwa huo huo. Kila Jumamosi akitoka ofisini tunaonyeshana tulichotengeneza. Yeye ameleta kabati la vyombo la mkewe, lina milango inayofunga kweli. Mimi nilileta kigoda. Alikizunguka mara mbili, akauliza kama nimekusudia kiiname vile. Nikasema ndiyo.

Ile ghorofa niliyoiacha nusu alipofariki mamako, Mungu amrehemu, nimeanza kuimaliza. Nimepiga chokaa na kutia rafu. Sasa nachonga kitanda, nimeanza na miguu. Matendegu mawili yameshakuwa, la tatu limepasuka. Ninatafuta ubao mrefu wa kufanyia mfumbati, yaani ubavu wake, na mbao nzuri siku hizi ni za kubembeleza.

Soma kwa bidii.

Ni mimi babako,
Bwanamkuu


Mombasa, 1 Machi 1966

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu. Mimi sijambo kwa mwili, lakini kichwa kimenivuruga.

Barua yako na ya Shangazi Ummu zimenifika siku moja. Wewe unanieleza habari za kigoda. Yeye ananipa hongera! Anasema Amu nzima inajua, na ameshaanza kuniwekea kanga. Nimezisoma zote mbili mara tatu na bado sioni kama zimetoka mji mmoja.

Baba, wewe umezaliwa Amu. Mtu mwenye binti wa miaka ishirini akimaliza ghorofa na kuanza kitanda, watu watasema anafanya nini? Mama alijengewa hivyo hivyo na babake alipoolewa. Nani huyo unayenijengea niolewe naye? Niambie jina lake tu.

Sitaki kuolewa sasa. Nimebakiza mwaka mmoja nipate cheti, na nataka kukipata. Nayaandika wazi ili yasikupite.

Mwanao,
Umulkheir


Amu, 14 Machi 1966

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Sote tu wazima, na goti limetulia.

Wallahi hakuna mtu. Nimecheka peke yangu mpaka paka akaondoka. Shangazi yako humwozesha kila anayepita. Hiki ni kitanda cha kujifunzia. Fanuel naye aliniuliza ni cha nani, nikamwambia cha mazoezi, akaridhika. Watu wa bara hawana maneno mengi.

Tena chama chetu kimepata mtu wa tatu. Unamkumbuka Bwana Famau wa mtaa wa Mkomani, babake Abdulhalim? Amesikia nahangaika na mbao, akaniletea ubao wa msaji wa dhiraa sita, umenyooka sijapata kuona. Aliuleta mwenyewe na nduguze wawili, wote wamevaa kanzu za Ijumaa. Juu yake wameweka tambuu, zimekunjwa vizuri kwa karafuu. Wakakaa wakinitazama. Nami nikala tambuu, kwani ningefanyaje, zilikuwa tamu. Wakafurahi sana, wakaomba dua. Sijaona mtu anayependa useremala kama huyu. Akatazama ghorofani akasema, "Yuu kutapendeza, Bwanamkuu. Sasa ndia i wazi." Njia ya wapi sikuuliza. Akauliza kama nitamaliza kabla ya Maulidi.

Basi soma, usisikilize uvumi.

Babako,
Bwanamkuu


Mombasa, 27 Machi 1966

Baba,

Shikamoo. Afya yangu ni nzuri, mengine yote si mazuri.

Umekula tambuu? Baba! Wanaume watatu wenye kanzu za Ijumaa wanaleta ubao wa kitanda na tambuu juu yake, katika nyumba yenye binti, halafu wanaomba dua, na wewe unadhani wamekuja kujifunza kupiga randa? Ile ilikuwa posa. Umeniposesha kwa ubao, na posa umeitafuna mwenyewe.

Sikutaka kuamini, lakini jana nimepata barua ya Abdulhalim. Ananiita mchumba wangu. Simkumbuki sura. Nakumbuka tu kwamba utotoni, kwenye chuo cha Kurani, alikuwa akilia akishindwa kusoma. Pengine amekuwa mtu mwema, sijui. Hajanikosea chochote. Hata kumkasirikia siwezi, na hilo linanichanganya zaidi.

Rudisha ule ubao. Tafadhali.

Mwanao,
Umulkheir


Amu, 9 Aprili 1966

Mwanangu,

Salaam. Goti linauma kila mahali.

Tangu nipate barua yako najiuliza nilikuwa wapi siku ile. Forodhani nimekagua shehena za watu miaka ishirini na sita, hawakunipitishia kitu. Hili limepita mbele ya macho yangu na nikalitemea mate mekundu ya tambuu.

Ubao wenyewe ulikuwa umeshakatwa na kupigwa randa, tena umetiwa gundi kwenye matendegu. Nikaung'oa. Fanuel akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaupeleka Mkomani. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Famau alipouona ulivyong'aa alishika kichwa kwa furaha. Akawaita watu wa nyumbani, "Ndooni mtazame kazi ya mkwe wetu!" Alidhani tumeupeleka wauone. Nami nikaanza kuwaonyesha nilivyoupiga randa. Tukarudi na ubao, na juu yake sinia la halwa. Sijaionja, naapa.

Nipe siku kidogo. Famau ni rafiki yangu tangu utotoni, na sijui nimwambie nini asione nimemdharau.

Babako


Mombasa, 20 Aprili 1966

Baba,

Shikamoo. Mwambie sitaki. Ni neno moja.

Mwezi wa nane kuna likizo. Usipomwambia, sitakuja Amu. Nitabaki hapa kwa mwanafunzi mwenzangu Rael, na mtaniozesha pasipo mimi kuwepo. Naogopa, Baba. Naogopa wewe utatafuta maneno mazuri ya kumwambia mpaka siku ya harusi ifike.

Mwanao


Mombasa, 15 Mei 1966

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na karibu mwezi unakwisha. Je, u mgonjwa? Au wameshaweka siku? Shangazi Ummu naye amenyamaza, na huyo sijapata kumjua akinyamaza. Niandikie, hata iwe mbaya.

Mwanao


Amu, 2 Juni 1966

Mwanangu Umulkheir,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima kabisa. Barua zako zote mbili ninazo. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa ahadi, na ahadi ulikuwa umezichoka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda barazani kwa Famau. Fanuel alinifuata, akasema nisipotamka safari hii atatamka yeye. Palikuwa na watu kama kumi. Nikasema, "Famau, nimekosea. Umulkheir hakuulizwa, na hataki. Anasoma. Tambuu nilizila kwa ujinga wangu, si kwa idhini yake." Nilisema hivyo hivyo, na sikufa.

Famau akauliza, "Kama si cha mwanao, kitanda kile ni cha nani?" Wote wakanitazama. Fanuel naye akanitazama, akasema yeye pia amekuwa akijiuliza, maana kina upana wa watu wawili. Nikaona nikisema cha mazoezi nitakuwa nimewachezea tena.

Nikasema, "Changu. Mimi ndiye nataka kuoa."

Ulikuwa uongo wa kukuokoa. Famau akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Abdulhalim, nilimwona, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kumbe naye hakuulizwa. Kisha Famau akasema tambuu haikuliwa bure, anaye dada mjane, Bi Barka, mshona kofia. Nikaondoka.

Njiani nilikuwa nikijiambia kesho nitakanusha. Nilipofika nikapanda ghorofani, nikakaa kwenye kile kitanda. Mwanangu, miezi minne nimechonga kitanda cha watu wawili na sikujiuliza kwa nini. Nimechoka kula peke yangu. Ule haukuwa uongo wote.

Asubuhi Bi Barka akaleta ujumbe: "Mwambiyeni Bwanamkuu mimi si ubao. Akinitaka, naaye aniulize mwenyewe." Nikaenda, nikamuuliza kupitia mlangoni. Akaniuliza mwanangu anasemaje. Nikasema sijamuuliza. Akasema basi nirudi nikishamuuliza, akafunga mlango.

Kwa hiyo nakuuliza. Mamako sijamsahau, na hakuna siku nitakayomsahau. Ukisema hapana, kitanda nitakipasua kiwe rafu na nitakaa kama nilivyo, bila kinyongo. Ukisema ndiyo, nitashukuru. Sema lolote, ila usinyamaze.

Babako,
Bwanamkuu


Mombasa, 13 Juni 1966

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Sijui nicheke au nilie, na vyote nimeshafanya. Wiki mbili zilizopita mimi ndiye niliyekuwa bibi harusi, na sasa bwana harusi ni wewe. Nimemweleza Rael mara tatu na bado hajaelewa.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nimekasirika kwa ajili ya Mama, kisha nikakuona umekaa peke yako kule juu, hasira ikaniisha, kisha ikarudi. Sanduku lake la kanga lisiguswe na mtu, nitalichukua mwenyewe. Nitakuja mwezi wa nane.

Umeniuliza, nami najibu. Nimeridhia. Kamwambie Bi Barka kwamba niliulizwa, na kwamba nimejibu kwa mkono wangu.

Mwanao,
Umulkheir