Chungu cha Kimchi Chini ya Dirisha

Jumapili, 6 Julai

Nimefagia uani, nimefua, nimezika chungu. Hilo la tatu sijamwambia mtu, hata Mama. Wapangaji walikuwa kanisani. Mama alikuwa mtaa wa Mayfair, kwa fundi cherehani mwenzake. Ndani ya chungu kuna kimchi: kabichi, chumvi, pilipili, saumu, tangawizi. Mama Han, bosi wangu kwenye kibanda cha vyakula vya Kikorea sokoni, anasema bibi yake alizika vyungu vyake ardhini kila majira ya baridi. Nyumba hii ina friji moja kwa vyumba sita, na kinachonuka hutupwa. Kimchi yangu ikimpendeza, nitapika. Isipompendeza, nitaendelea kuosha masufuria.

"Mdomo huna," aliniambia. "Tuone kama mikono unayo."

Simpendi. Nataka anisifu.

Jumatano, 9 Julai

Wamekifukua. Papa Jado, mlinzi kutoka Lubumbashi, chumba cha mbele. Aliona udongo mbichi akachimba kwa nondo. Mtoto wake anakohoa wiki ya pili. Akafunua: wekundu, harufu. Nyumba nzima ikatoka.

"Muone! Damu!" alipiga kelele. "Njo maana mutoto yangu haponi!"

Chungu kilikuwa chini ya dirisha la Mama Riziki, msusi, anayeishi peke yake. Sikuchagua dirisha. Nilichagua kivuli.

Macho yote yakamgeukia yeye. Mimi nilikuwa nimeshika fagio. Mdomo ulikataa.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi walimzuia bombani.

"Unasuka vichwa vya watu huko Yeoville," Papa Jado alimwambia, "ukirudi hapa unatusuka sisi."

Mama Riziki akaweka ndoo chini. "Papa Jado, ningejua kuroga, ningeanza na huo mdomo yako."

Wawili walicheka. Wengine hapana. Mtu akaipiga teke ndoo.

Nilimwambia Mama labda kile ni chakula tu.

"Chakula gani kinazikwa kama maiti? Nyamaza, wasije wakatugeukia sisi."

Nikanyamaza. Nawachukia wote. Papa Jado zaidi. Mimi mwenyewe kumzidi hata yeye.

Jumamosi, 12 Julai

Sokoni ilikuwa siku ya utamaduni wa Korea. Ngoma. Wasichana wenye sketi pana za hariri. Vyungu vya udongo vimepangwa kama pambo, watu wanapiga picha navyo. Foleni ya vitonge vya unga wa mchele kwenye rojo la pilipili ilifika getini. Na kabichi ile ile, nyekundu vile vile, inanuka vile vile. Watu wanafumba macho kwa utamu. Nilitamani kuwapiga.

Mama Han aliuliza yangu iko wapi. Nikasema imeharibika.

"Basi osha."

Jioni nilifunga bakuli moja la kimchi. Nilipanga kusimama uani, niseme chungu ni changu, nile mbele yao wote. Nilishuka kwenye teksi Yeoville, kabla ya kufika nyumbani. Nikaila yote pale pale, nimesimama karibu na robot, zile taa za barabarani, magari yakipita. Ilikuwa tamu.

Nyumbani sikusema kitu.

Jumatatu, 14 Julai

Mama Riziki ameondoka. Mwenye nyumba alisema hataki fujo. Pikapu moja ilitosha: godoro, kioo cha saluni, masanduku mawili, kiti cha plastiki. Papa Jado alisimama getini, mikono kifuani. Hakuna aliyesaidia. Mimi nilimbebea kiti.

"Asante, mwanangu," alisema. "Humu ndani wewe peke yako una adabu."

Nilikiweka kiti juu ya godoro, nikarudi ndani.

Jumatano, 16 Julai

Mtoto wa Papa Jado bado anakohoa.

Chumba cha Mama Riziki tumepewa sisi. Mama amekifanya changu, ameshona na pazia. Mara ya kwanza maishani nina mlango wa kufunga. Jua la asubuhi linafika hadi kitandani. Sakafuni nimeokota pini mbili za nywele, nimeziweka dirishani. Sijui nizipeleke wapi.

Daftari, mengine ukitaka yatoe. Hili moja nifichie: jana nililala vizuri.